Notisi kwa Bi Thuweiba

Bi Thuweiba, assalaamu alaykum.
Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi.
Mkataba uliandikwa Kiarabu cha baladia,
nami nikatia saini pale ulipogusa kwa kidole cha hina:
"Hapa, mwanangu. Na hapa. Na hapa tena."
Miezi ishirini na minne.
Leo umekwisha wa kumi na saba.

Nyumba njema si mlango.
Methali hii niliijua tangu utotoni,
lakini mchana ule, Wadi Kabir, jua likinichoma kisogo,
niliuona mlango wako wa mninga, misumari ya shaba,
nikasahau kipande cha pili:
fungua uingie ndani.

Nimeingia. Nimekaa.
Kiyoyozi kinatapika maji usiku kucha;
naamka mara mbili kulimwaga beseni la bluu
kama mtu mwenye kichanga.
Swichi ya jikoni naiwasha kwa mpini wa mwiko.
Na tangi la juu, lilipofunguliwa Ramadhani,
alitolewa njiwa, au kilichobaki cha njiwa,
na sisi tulikuwa tumeshafuturu.

Nilikupigia simu. "Haitham atakuja."
Akaja, mara moja, na kopo la rangi nyeupe,
akapaka juu ya kuvu,
akampaka na mjusi kafiri mkia.
Wiki mbili hazikutimia
kuvu likachungulia tena kwenye weupe ule
kama ndevu za kijana.

Kazi yangu unaijua, nanyoosha mashuka hospitali,
mia mbili kwa zamu,
makavu, ya moto, ya kulalia watu nisiowajua.
Kisha narudi kumlaza Mundhir
kwenye godoro linalonuka kisima.
Daktari aliweka chombo kifuani pake, akasikiliza,
akaniuliza: "Mnaishi karibu na bahari?"
Hapana, daktari.
Tunaishi karibu na ukuta.

Sasa nikwambie la ukuta.
Nyuma ya mlango wa chumba nilikuwa nampima kimo,
kila mwezi mstari wa penseli na tarehe.
Kuvu lilianzia chini, sakafuni, kama linalotambaa.
Mwezi wa tatu lilimfika kiunoni.
Mwezi wa tano, begani.
Juzi nilimsimamisha pale, visigino vimegusa ukuta,
nikaweka rula juu ya kichwa chake,
na rula ikalala katikati ya weusi.
Limempita.
Mwanangu amekua sentimita mbili; nyumba yako imekua zaidi.

Usiku ule nilifunga mizigo.

Najua utakalosema, umeshalisema:
"Usiache mbachao kwa msala upitao."
Mbachao umeoza, Bi Thuweiba.
Na utasema sote watu wa pwani, tutavutanaje?
Mbona udugu huu haukupanda ngazi
hata siku moja kuja kuliona dari la choo?
Lilianguka Ijumaa. Vipande ninavyo, ndani ya mfuko wa mchele.

Amana yangu shika kwanza, tutaizungumza.
Lakini hundi saba zilizo ndani ya kopo lako la biskuti
nazitaka zote, kwa idadi.
Jumapili saa mbili asubuhi nitakuwa baladia,
na picha, na barua ya daktari, na ule mfuko.
Njoo. Mlete na Haitham, aeleze habari ya rangi.

Jina langu ni Sikujua,
bibi yangu alinipa kwa sababu zake.
Ni jina tu. Usilifanye utetezi wako.

Mistari ya penseli sikuifuta.
Kabla hujampangisha mwingine, chuchumaa, uisome.

Ufunguo nimeuacha ndani ya beseni la bluu.
Uwahi,
halijajaa.